Mlikuja kutuhesabu, rudini na tiba

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na wakuu wa vyuo vyetu vya tiba

Waheshimiwa,

Nilikuwa kidato cha pili watafiti walipoanza kuhesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani kwetu Hai, mkoani Kilimanjaro. Vijijini kulikuwa na watu wa kupeleka taarifa: fulani ameamka mdomo umekwenda upande, fulani ameanguka kihambani na mkono hauinuki. Watafiti walifika, wakapima presha, wakauliza, wakaandika. Kwa aliyekwisha kufa, waliwauliza ndugu zake alianzaje na alikufaje. Mzee mmoja jirani yetu alihesabiwa namna hiyo. Alikuwa amekaa miezi mingi kwenye kiti nyuma ya nyumba, mkono wa kulia umelala mapajani, na siku ile alivaa koti lake la kanisani kwa sababu kuna wageni waliokuja kwa ajili yake yeye hasa.

Kazi ile ilianza Juni 2003 ikaisha Juni 2006, Hai pamoja na sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Viharusi 636 katika miaka mitatu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikutwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 315.9. Namba ya Hai ililingana na ya nchi tajiri. Ya Dar es Salaam ilizipita nyingi kati ya hizo. Waliokuwa wakidhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya walinyamaza. Ilikuwa kazi njema, imefanywa kwa uangalifu na Watanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, na hadi leo wanaoandika kuhusu kiharusi Afrika huirejea.

Lakini mtu akija kukuhesabia vidonda, unatazamia atarudi na dawa. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Ninachowaomba katika barua hii ni hicho: tuvuke kuhesabu wagonjwa, tuanze kuzijaribu tiba hapa hapa, katika wodi zetu na nyumba zetu, kwa kipimo kinacholingana na maisha yetu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba kwa mazoezi. Nilisomea Moshi, na sasa ni miaka mingi nafanya kazi katika hospitali ya mkoa. Sitaitaja, kwa sababu ninayoyaeleza hayako kwetu tu.

Mwaka 2019 mama yangu alipata kiharusi. Nilikuwa mbali, kazini. Alifikishwa hospitali mapema kuliko wagonjwa wangu wengi, akapigwa CT scan, ikaonekana ni mshipa ulioziba wala si damu iliyovuja, akaanzishiwa aspirini. Yote hayo yalikuwa sahihi. Asubuhi ya pili wifi yangu alimletea mtori wa moto kwenye chupa, kama ambavyo angefanya mtu yeyote anayempenda mama mkwe wake. Mama alikuwa amelala chali. Hakuna aliyekuwa amemjaribu kama anaweza kumeza. Hakuna aliyemwambia wifi amkalishe wima kwanza, ampe kijiko kimoja cha maji, asubiri, asikilize kama sauti imekuwa ya majimaji. Mama alipaliwa, akakohoa kidogo, wakaendelea kumlisha. Siku ya nne akapata homa. Siku ya tano akaanza dawa za nimonia. Siku ya tisa tulimpoteza.

Wifi sijamlaumu hata siku moja. Wauguzi wa zamu ile nao siwalaumu: walikuwa wawili kwa wodi nzima, na hakuna aliyewahi kuwapa utaratibu wowote ulioandikwa kuhusu kumeza.

Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba wakati mama analishwa mtori ule, dunia ilikuwa imekwisha kujua. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, Australia, likiongozwa na Sandy Middleton, profesa wa uuguzi. Wodi ziligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifundishwa kushika mambo matatu katika saa 72 za kwanza: homa, sukari na kumeza. Pima homa na uishushe. Pima sukari na uidhibiti. Mjaribu mgonjwa kumeza kabla hajapewa chakula, kinywaji wala kidonge. Kundi la pili lilipewa mwongozo wa kawaida tu. Siku 90 baadaye, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika kundi la kwanza na asilimia 58 katika kundi la pili. Vifaa vyake ni kipimajoto, kipima sukari na kikombe cha maji, na kazi yote imo mikononi mwa wauguzi.

Mtaniuliza: kama jibu lipo, utafiti wa nini tena? Tuchukue tu tutumie. Waheshimiwa, ningependa iwe rahisi hivyo. Wodi zile zilikuwa wodi maalumu za kiharusi, na aliyefundishwa alikuwa muuguzi. Kwetu mgonjwa wa kiharusi amelala katikati ya wagonjwa wa moyo, wa figo na wa malaria kali, na anayemlisha, anayemgeuza na anayembadilishia shuka ni ndugu yake. Huenda kwetu wa kufundishwa ni wifi. Huenda karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda, yenye picha ya mgonjwa aliyekalishwa wima na maneno makubwa “ASILISHWE KABLA YA KUJARIBIWA”, ikaokoa watu wengi kuliko semina ya siku tatu hotelini. Huenda isiokoe, kwa sababu ndugu hubadilishana zamu na aliyesoma karatasi asubuhi siye anayelisha jioni. Mimi nina maoni yangu juu ya hilo, na daktari wa wodi ana yake. Tumekuwa tukibishana kwa maoni muda mrefu mno. Chukueni hospitali za mikoa, ziingizwe kwenye utaratibu huo kwa zamu iliyopangwa kwa kura, na tuhesabu nimonia kabla na baada. Ndani ya miaka miwili tutakuwa na jibu letu.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Miaka ya mwanzo ya kazi niliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiamshwa upesi na kusimamishwa mara nyingi, ndivyo mguu utakavyorudi. Niliwasimamisha watu siku ile ile ya kulazwa, mmoja ameshikwa kiunoni kwa shuka, macho yanamzunguka, nami namhimiza: “Kaza, baba, kaza.” Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya jaribio la AVERT. Wagonjwa 2,104, kutoka Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Walioanza kuamshwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi kwa wingi hawakupona zaidi. Idadi ya waliofika miezi mitatu wakiwa na hali nzuri ilikuwa ndogo kuliko ya waliopewa huduma ya kawaida. Nilipoyasoma nilikaa kitako. Kuna nyuso za wagonjwa ninazozikumbuka hadi leo kwa sababu ya makala ile. Tangu siku hiyo naanza pole pole, vipindi vifupi, na siku ya kwanza huwa naangalia zaidi kuliko kushika.

Na kuna jaribio jingine ambalo natamani kila mganga mfawidhi alisome mara mbili. India walijiuliza swali letu lile lile: wataalamu wa utengamao ni wachache, familia zipo, je, tukimfundisha ndugu hospitalini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, akaendelea naye nyumbani, mgonjwa atapona zaidi? Hospitali 14, wagonjwa 1,250. Jaribio liliitwa ATTEND, likachapishwa mwaka 2017. Miezi sita baadaye, katika kundi ambalo ndugu walifundishwa, asilimia 47 ya wagonjwa walikuwa wamekufa au wanategemea watu. Katika kundi la pili, asilimia 47.

Mnaona uzito wake? Kumwachia ndugu ndiyo sera yetu ambayo haikuandikwa popote. Siku ya ruhusa nampa mke au binti dakika kumi za maelekezo, mara nyingi amesimama mlangoni na mfuko wa dawa mkononi, bajaji inamsubiri nje. Tunaandika kwenye faili kwamba ameelekezwa mazoezi ya nyumbani. India walifundisha vizuri kuliko hivyo, kwa mpango na kwa kitabu, na bado hawakuona tofauti. Sisi tunaofundisha kwa dakika kumi tunategemea nini?

Sisemi kwamba familia haina kazi. Ninazoziona nyumbani kwa wagonjwa ni juhudi za kutoa machozi. Lakini juhudi hizo mara nyingi zinakwenda kombo kwa sababu hakuna aliyerudi kuangalia. Mkono uliolegea ndio wanaoushika kumwinulia mgonjwa kitandani. Baada ya wiki tatu bega limeshuka kwenye kiungo chake, na maumivu yanayofuata humfanya akatae mazoezi yote. Wengine huita mtu wa kuchua, wanachua kwa mafuta ya moto mkono ambao hauhisi joto, na mimi naletewa malengelenge. Mgonjwa anafungwa khanga kifuani kila siku na binti yake, kwa huruma, mpaka mkono ambao haukuugua nao unazoea kutofanya kitu. Kliniki ya mwezi wa pili haji, kwa sababu kumleta kunahitaji watu wawili, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kwa hiyo jaribio la kwetu lisiwe nakala ya lile la India. Serikali ilizindua mwanzoni mwa 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu hawa wanaishi mtaa mmoja na mgonjwa. Je, mhudumu huyo akipita mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, akiwa na mtaalamu wa fiziotherapia upande wa pili wa simu akiangalia kwa video, bega litabaki mahali pake? Presha itashuka? Mgonjwa atatoka nje ya mlango wake? Au mara moja kwa wiki inatosha, na mara mbili ni kupoteza fedha? Sijui mtu yeyote anayeweza kulijibu swali hilo kwa kukaa ofisini.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hata tukipata fedha za jaribio hilo kesho, tutaharibu tusipoangalia tunapima nini.

Kipimo cha ukali wa kiharusi kinachotumika sana duniani kinaitwa NIHSS. Sehemu yake moja ni kumwonyesha mgonjwa kadi ya picha na kumwomba ataje anachokiona. Kwenye kadi ya asili kuna kiti, ufunguo, unyoya, glavu, mti wa jangwani wenye miiba, na kitanda cha wavu cha kuning’iniza. Nilimwonyesha bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Kiti alikitaja. Ufunguo, unyoya, sawa. Ule mti wa jangwani alisema ni mti wa miiba. Kitanda kile alisema ni wavu wa samaki. Ukifuata kadi, bibi huyu amepungukiwa maneno. Mimi niliyekaa naye najua hakupungukiwa neno hata moja. Aliitwa ataje vitu ambavyo maisha yake hayajawahi kukutana navyo.

Twende kwenye kipimo cha Barthel, kinachopima mtu anavyojihudumia mwenyewe, ambacho ni cha mwaka 1965, mambo kumi, alama 100. Kinauliza kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupanda ngazi. Wagonjwa wangu wengi hawajawahi kuishi kwenye nyumba yenye ngazi. Lakini chooni wanachuchumaa, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja wenye nguvu juu ya sakafu yenye maji ni kazi ngumu kuliko ngazi yoyote. Mtu anaweza kupata alama nzuri kwenye Barthel na bado asiweze kukaa mkekani na kunyanyuka, asiweze kufunga khanga kwa mikono miwili, asiweze kusonga ugali kwa sababu mkono mmoja lazima ushike sufuria. Mgonjwa wangu mmoja, fundi cherehani, nilimwandikia alama 100. Alinitazama akasema, “Dada, uzi hauingii kwenye sindano.” Baba mwingine, wa pwani, nilimuuliza lengo lake, nikitazamia aseme kutembea. Alisema anataka kusujudu. Nilifanya naye kazi wiki kumi na moja juu ya hilo, goti, kiganja, paji la uso, na siku alipofika chini na kunyanyuka mwenyewe hakukuwa na mahali pa kuliandika kwenye fomu yangu.

Na usemi. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, kwa hiyo mgonjwa aliyepoteza maneno hukabidhiwa kwangu, nami sikusomea. Lugha yetu hubeba mtendaji, wakati na mtendewa ndani ya neno moja: nimekupikia, hatukuwaona, angelinipigia. Ubongo ukiumia, kipande gani kinatangulia kupotea? Kipi kinarudi kwanza? Mazoezi yaliyotungwa kwa ajili ya wanaozungumza Kiingereza, lugha inayoyapanga hayo kwa maneno yaliyoachana, yatatusaidia kiasi gani? Tuna idara za Kiswahili zenye maprofesa na tuna wodi zenye wagonjwa. Wakutanisheni. Utafiti wa namna hiyo hautatoka Boston wala Melbourne. Kama sisi hatuufanyi, hautafanyika.

Kuhusu dawa za kuyeyusha donge la damu sitasema mengi, si kwa kuwa ni ndogo. Jaribio la Marekani la mwaka 1995 lilionyesha alteplase inasaidia ikitolewa ndani ya saa tatu. Mwaka 2008 Ulaya wakasogeza hadi saa nne na nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi. Mwaka 2015 Uholanzi, kwa wagonjwa 500, ilithibitishwa kwamba donge kubwa linaweza kuvutwa kwa waya kupitia kwenye mshipa na mgonjwa akafaidika. Mwaka 2022 Kanada ikaonyesha kwamba tenecteplase, inayochomwa mara moja bila dripu ya saa nzima, haizidiwi na alteplase. Mahali penye muuguzi mmoja wa zamu, sindano moja badala ya dripu ni tofauti kubwa. Wenye uwezo wa kuyaanzisha hayo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko waanze, na waandike matokeo yao wazi, mazuri na mabaya.

Ila wagonjwa wangu wengi hufika siku ya pili au ya tatu. Utafiti uliokwenda sambamba na ile hesabu ulikuta kwamba Dar es Salaam watu wengi walihusisha kiharusi na mapepo na uchawi, huku Hai wengi wakitaja sababu za kawaida za mwili. Anayeamini ni pepo haanzi hospitali. Basi lijaribuni hilo nalo kama tiba nyingine yoyote: kata hizi imamu, mchungaji na mganga wa kienyeji wafundishwe dalili tatu, uso, mkono, usemi, kata zile zisubiri, kisha tuangalie saa za kufika hospitali.

Msiniambie Afrika haiwezi. Mtandao wa watafiti wa kiharusi uitwao SIREN, ukiongozwa na Mayowa Owolabi wa Ibadan, ulikusanya Nigeria na Ghana wagonjwa 2,118 na watu wasio na kiharusi idadi hiyo hiyo wa kuwalinganisha nao, ukachapisha mwaka 2018. Kati ya visababishi vya kiharusi presha ilitokea ya kwanza, ikiviacha vingine mbali. Karibu theluthi moja ya viharusi vile vilikuwa vya damu kuvuja, sehemu kubwa kuliko inayozoeleka Ulaya, kwa hiyo tiba ya damu kuvuja inatuhusu sisi kuliko wao. Na tiba hiyo ilijaribiwa. Jaribio la INTERACT3, la mwaka 2023, lilikuwa na wagonjwa 7,036 katika hospitali 121 za nchi kumi, tisa kati yake zikiwa za kipato cha chini na cha kati: shusha presha upesi, dhibiti sukari, shusha homa, na kama mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, iondolee nguvu, yote kwa mpangilio mmoja ulioandikwa. Waliopata huduma hiyo walikuwa na hali bora miezi sita baadaye. Kutoka Afrika ilikuwamo Nigeria peke yake. Sri Lanka ilikuwamo, Peru ilikuwamo. Kwetu CT scan zimeshafika hospitali za rufaa za mikoa. Tunaweza kutofautisha donge na damu kuvuja mahali ambapo miaka kumi iliyopita tulikuwa tunakisia. Sababu ya kukaa nje imepungua.

Fedha, najua. Naomba mwangalie kwanza zinazopotea. Kila mwaka wanafunzi huja wodini na madodoso ya shahada zao. Karibu wote wanauliza mgonjwa anajua nini kuhusu kiharusi, na karibu zote huishia kabatini. NIMR iliundwa kwa sheria mwaka 1979 ili kuratibu utafiti wa afya nchini. Iite vyuo, itunge itifaki moja ya kiharusi, na kila mwanafunzi apewe kipande chake cha kazi ile ile: huyu kumeza, yule bega, mwingine presha ya mwezi wa tatu. Gharama ya madodoso ishirini yaliyotengana ingetosha kuanzisha jambo moja lenye maana.

Kuna na haraka nyingine. Tumepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Siku itakapoamuliwa mgonjwa wa kiharusi alipiwe vipindi vingapi vya mazoezi tiba, vitatu au thelathini, mtaamua kwa ushahidi gani? Mkikosa wa kwetu, mtahesabu kwa fedha zilizopo, na mgonjwa wa kipindi cha nne ataambiwa mfuko haumlipii.

Na mtakapoanza, ridhaa iwe ridhaa kweli. Nimeona fomu za kurasa tisa, Kiswahili chake cha kutafsiriwa neno kwa neno hata mimi kinanishinda, zikisomwa kwa mtu ambaye nusu ya ubongo wake haipokei maneno. Halafu kaka wa mgonjwa anatia saini huku mke amesimama pembeni, wakati mke ndiye atakayemhudumia miaka yote. Kamati za maadili zilitazame hilo. Mgonjwa asiyesema anaweza kuonyeshwa picha, anaweza kushika mkono wa ndiyo au wa hapana, anaweza kupewa siku mbili. Na matokeo yarudi kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Yule mzee wa koti la kanisani alifariki bila mtu kumwambia kilichopatikana kwenye hesabu aliyoingizwa. Namba ya 108.6 mimi niliikuta chuoni, kwenye karatasi ya Kiingereza, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ndani yake yumo yeye.

Rejesta ya kitaifa ya kiharusi ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu majaribio yote haya yatasimama juu yake. Haihitaji mashine. Mimi nina kaunta buku mbili za kwaya tatu nilizoanza mwaka wa mama. Kila mgonjwa wa kiharusi aliyepita mikononi mwangu ana mstari: siku aliyougua, siku aliyofika, presha ya kwanza, aina ya kiharusi kama CT ilipigwa, kama alijaribiwa kumeza, bega, na alichosema mwenyewe anataka kurudi kukifanya. Safu ya mwisho ni ya mwezi wa sita, na ndiyo yenye mapengo mengi, kwa kuwa siku hizo za ufuatiliaji natumia nauli yangu. Majina yamefichwa kwa namba, na ufunguo wa namba hizo umefungiwa hospitalini.

Mkituma mtu, aje hata Jumamosi. Nitamtolea daftari zote mbili, na tukimaliza nitampeleka kwenye nyumba tatu zilizo karibu, aone safu ile ya mwisho inajazwaje.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa fiziotherapia, hospitali ya mkoa, mzaliwa wa Hai